Njia ndefu ya gari hadi Lukafu

Miaka ya 1890 afisa wa Kibelgiji aliyepangiwa kituo cha Lukafu, Katanga, alipata kila kitu kutoka kichwani mwa mtu. Misumari, sabuni, baruti, kwinini, chupa za mvinyo: vyote vilifungwa katika mizigo ya kilo 25 hadi 30, na wapagazi wakavibeba kwa majuma na miezi. Wakati huo Lukafu ilikuwa na jina kuliko Lubumbashi, kwa sababu Lubumbashi haikuwapo. Msiri, mfalme wa Wayeke, alikuwa ameuawa kwake Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na kituo cha kwanza cha Dola Huru ya Kongo katika pande hizo kilikuwa kimewekwa Lofoi mwaka huohuo. Baadaye kituo kikahamia Lukafu, penye miguu ya Kundelungu, tambarare ya Lufira ikiwa mbele yake. Farasi na punda hawakudumu, mbung'o waliwamaliza. Alibaki binadamu.

Anayetaka kujua gari lilivyofika mahali kama hapo asianze na viwanda vya Detroit wala Nagoya. Aanze na swali ambalo kila dereva wa kamio wa barabara ya Kasenga hulijua kabla hajawasha injini: likiharibika huku, kipuri kitatoka wapi, na nani atakubali kukikopesha? Kwa zaidi ya miaka mia moja kampuni za kigeni zimeuza magari Katanga na Afrika Mashariki bila kujenga zenyewe mtandao wa mauzo. Zilitia saini na mwakilishi mmoja katika mji mkubwa, kisha zikaacha wengine wahangaike. Wengine hao, yaani wafanyabiashara, wasafirishaji na mafundi, ndio waliolivusha gari kutoka bandarini hadi kijijini. Kampuni zilizokuja kuushika mtandao kwa mikono yao wenyewe, nyingi ziliukuta umekwisha kusimama.

Somo la kwanza lilitolewa Tanganyika. Tarehe 10 Agosti 1907 luteni Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la kiwanda cha Gaggenau, akikusudia kuvuka bara mpaka Swakopmund kwenye Bahari ya Atlantiki. Petroli alikuwa ameipanga mapema katika vituo vya njiani. Kitu ambacho hakuweza kukipanga ni kuharibika. Silinda zilimsaliti mapema, katikati ya nchi, na vipuri vikabidi viagizwe Ujerumani, vije kwa meli, kisha vipandishwe bara na wapagazi walewale ambao gari lake lilikuja kuwaonyesha kwamba zama zao zimepita. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, karibu miezi 21 tangu aondoke. Mtu angeweza kwenda kwa miguu na kuwahi, lakini Graetz hakutaka kuwahi. Alitaka kuonyesha kwamba gari laweza kupita. Lilipita kweli, ila mbele na nyuma yake walitembea watu.

Katanga ilipata somo lake miaka minane baadaye, na lilikuwa kubwa zaidi. Reli kutoka Rhodesia ilikuwa imeufikia mji mpya wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, na ilikuwa ikiendelea kusogea kaskazini-magharibi. Agosti 1915 ilishusha Fungurume mzigo wa ajabu: boti mbili za vita za Kiingereza, *Mimi* na *Toutou*, kila moja yenye urefu wa mita 12. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alikuwa ametumwa kuzipeleka ziwa Tanganyika kuzivamia meli za Wajerumani. Kati ya Fungurume na Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianzia kuelekea mto Lualaba, palikuwa na takriban kilomita 200 za pori, mabonde na safu ya Mitumba inayopanda karibu mita 2,000. Kilicholetwa kuzivuta boti ni matrekta mawili ya mvuke.

Hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Trekta la mvuke halina haja na petroli, lakini linakula kuni na kunywa maji bila kushiba, na ilikuwa kiangazi. Njia ilikatwa kwa mashoka na sururu. Madaraja zaidi ya mia yalijengwa kwa magogo, na mengine yalivunjika magurudumu ya chuma yalipoyakanyaga. Penye mwinuko mkali kupita kiasi walifungwa ng'ombe, na nyaya zikapitishwa kwenye miti mikubwa ili boti isirudi nyuma. Palipokosekana maji, wanawake wa vijiji vya karibu waliyabeba kwa vibuyu na mitungi, wakayamimina katika tangi la mashine. Safari ya majuma sita. Boti zilifika Sankisia mwishoni mwa Septemba, na siku moja baada ya Krismasi zikaiteka meli ya Kijerumani *Kingani*. Vitabu vya Waingereza vimemsimulia sana Spicer-Simson na sketi aliyopenda kuvaa. Wale wanawake wa vibuyu, ambao bila wao mashine ingebaki chuma porini, hawana hata jina moja lililohifadhiwa. Walikuwa kituo cha kwanza cha mafuta katika historia ya usafiri wa Katanga.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, dunia ilikuwa ya Ford. Modeli T, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1908, ilikuwa nyepesi, ndefu miguu na rahisi kufungua kwa spana chache. Lakini Ford ya Mombasa na Ford ya Élisabethville hazikutoka mlango mmoja. Haki ya kuuza katika makoloni ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa Ford ya Kanada, iliyoundwa mwaka 1904, kwa hiyo magari ya Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na ya India, yalisafirishwa kutoka Ontario. Kongo ilikuwa ya Ubelgiji, na Ford ilikuwa imefungua karakana ya kuunganisha magari Antwerp mwaka 1922. General Motors nayo ikafuata palepale muda mfupi baadaye. Mipaka iliyochorwa na wafalme na mawaziri ndiyo iliyoamua lori la Katanga lizaliwe wapi na usukani wake ukae upande gani: Kongo hushika kulia, Rhodesia ilishika kushoto. Kasoro hiyo inaudhi madereva mpaka leo.

Njia za kuingilia zilikuwa nyingi na zote ndefu. Kulikuwa na ile ya Matadi, mto na reli. Kulikuwa na ya kusini, kupitia Beira au Cape. Na kulikuwa na moja inayowagusa Waswahili moja kwa moja: kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu za bandari za Dar es Salaam na Kigoma, maarufu kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo ulioshushwa Dar ulipanda reli ya kati hadi Kigoma, ukavuka ziwa hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na kuendelea kwa reli hadi Kabalo. Mwaka 1931 ikaongezeka reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Kwa mwagizaji wa Élisabethville maana yake ilikuwa moja: gasketi iliyoagizwa leo ingefika baada ya miezi, na aliyekuwa na mtaji wa kuziweka ghalani kabla hazijahitajika ndiye aliyekuwa mwenye soko.

Mtaji huo ulitoka wapi katika pande za Kasenga? Ulitoka kwa samaki.

Union Minière ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha, na mto Luapula pamoja na ziwa Mweru ulijaa pale na mpumbu. Wafanyabiashara wa Kigiriki walihamia Kasenga, ukingoni mwa Luapula, katika kipindi cha kati ya vita viwili, wakatengeneza boti za injini na mitambo ya barafu, wakanunua samaki kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto na kuwapakia kwenye malori ya kwenda Élisabethville, safari ya zaidi ya kilomita 200. Samaki kwenye barafu hamsubiri mtu. Lori likivunja springi Minga au likizama kwenye tope la masika, samaki wa siku nzima wanaoza. Kwa hiyo mwenye lori hakuweza kungoja wakala wa mjini. Alilazimika kuwa na springi ya akiba, plagi, kabureta, na zaidi ya vyote fundi, na fundi aliyezoea kufungua injini ya boti hakushindwa na ya lori. Hivyo ndivyo utaalamu wa motoka ulivyoenea katika teritware ya Kasenga, kwa ajili ya samaki, bila kiwanda chochote cha magari kutoa faranga.

Si Wagiriki peke yao. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walikuwa kundi kubwa katika biashara ya Élisabethville, na wengine waliingia kwenye samaki pia. Mmoja wao, Nissim Soriano, aliyekimbia sheria za ubaguzi za Mussolini, alifanya biashara hiyo Kashobwe, kando ya Luapula. Mwanawe Moïse Katumbi, aliyezaliwa hapohapo mwaka 1964, alikuja kuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Anayedhani lori la samaki ni jambo dogo katika historia ya Katanga na azingatie ukoo huo.

Hali haikuwa tofauti sana katika nchi nyingine za ukanda wetu, ila majina ya wafanyabiashara ndiyo yaliyobadilika. Pwani na bara la Tanganyika walikuwa Wahindi. Ukoo wa Karimjee, ulioanza biashara Zanzibar mwaka 1818 na kupata utajiri kwa karafuu na katani, ndio uliochukua uwakala wa Toyota Tanzania katikati ya miaka ya 1960, wakati ambapo watu wengi walikuwa hawajawahi hata kulisikia jina hilo. Toyota haikuleta benki, majengo wala makarani. Iliyakuta kwa Karimjee. India kwenyewe mambo yalikuwa yamekwenda kwa njia nyingine: Ford na General Motors ziliingia Bombay na kwingineko katika miaka ya 1920, zikaunganisha magari na kuyauza, kisha zikafunga katikati ya miaka ya 1950 serikali ya India huru iliposema atakayeuza gari lazima pia alitengeneze nchini. Zilirudi miaka ya 1990, na zikaondoka tena: General Motors ilikoma kuuza huko mwaka 2017, Ford ikatangaza kuacha kutengeneza mwaka 2021. Wenye maduka yaliyobeba nembo zao walibaki na vioo, viti na wateja wenye hasira.

Basi mtu mwenye fedha Nairobi au Kampala mwaka 1953 aliamuaje gari la kununua? Aliangalia mashindano. Mwaka huo, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kuitwa East African Safari Rally. Utaratibu wa mwanzo ulikuwa wa kibiashara waziwazi: magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake dukani, na yalipaswa kuwa kama yale yanayouzwa. Alan Dix aling'ara na Volkswagen ya mgongo wa kobe, na mwaka uliofuata Volkswagen ikashinda tena. Hapo hapakuwa na haja ya tangazo gazetini. Mkulima wa Nakuru aliliona gari dogo lisilo na rejeta likipita tope lililoyazamisha magari makubwa ya Kiingereza, akapiga hesabu mwenyewe.

Mawakala walielewa haraka kuliko viwanda. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Peugeot ikawa teksi ya safari ndefu kutoka Mombasa mpaka ndani ya Kongo, na mdogo wake 504 aliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwanzoni mwa karne hii, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kumsahau. Ushindi unaopendeza zaidi, hata hivyo, ni wa 1965. Joginder Singh, kijana wa Kericho aliyekulia kwenye karakana, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kushindanishwa mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda. Gari la mtumba lilizipiga mweleka timu zilizokuja na magari mapya yanayonukia rangi. Wauzaji wa magari mapya pengine hawakulifurahia fundisho hilo.

Wajapani walikuja wakati huohuo. Datsun ilishinda 1970 na 1971 kwa Edgar Herrmann, kisha Shekhar Mehta wa Uganda akaipa ushindi 1973 na tena mara nne mfululizo kuanzia 1979. Toyota ilichukua zamu yake kuanzia 1984. Mwaka huo pia ndipo ilipotoka Land Cruiser ya namba 70, gari ambalo katika machimbo ya Katanga limekaa muda mrefu kuliko mkurugenzi yeyote.

Lakini kati ya Datsun ya kwanza na Toyota ya kwanza mtandao uliojengwa kwa miaka hamsini ulikuwa umevunjwa, na havunji mtu nyumba kwa urahisi kama ulivyovunjwa huo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alisimama mbele ya baraza la kutunga sheria Kinshasa na kutangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Tanzania, iliyokwisha kutaifisha makampuni makubwa ya uagizaji baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliunda shirika la umma, State Motor Corporation, kuagiza na kugawa magari. Kenya ilichukua njia ya upole zaidi: iliingia ubia na wageni. General Motors Kenya iliundwa mwaka 1975 huku serikali ikishika asilimia 51, na viwanda vya kuunganisha vikafunguliwa Nairobi, Thika na Mombasa.

Katika Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliopewa maduka waliitwa *acquéreurs*. Wako waliojitahidi. Wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu, wakatia fedha mfukoni, na rafu ikabaki tupu. Lawama imewaangukia wao kwa miaka 50, na sehemu yake ni ya haki, ila iko sababu nyingine ambayo hutajwa mara chache. Duka la vipuri la Mgiriki wa Lubumbashi halikuendeshwa kwa fedha taslimu. Liliendeshwa kwa mkopo wa siku 90 au 120 kutoka kwa mwuzaji wa Antwerp au Nagoya, aliyemjua mwenye duka kwa jina, tabia na miaka ya malipo. Serikali iliweza kumpa mtu ufunguo, jengo na mali iliyomo. Haikuweza kumpa uaminifu wa mtu aliyeko Antwerp. Shehena ya kwanza ilipokwisha, ya pili haikuja mpaka ilipwe kwanza, tena kwa fedha za kigeni, ambazo baada ya bei ya shaba kuanguka mwaka 1974 na 1975 hazikupatikana. Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela pia. Mobutu alirudi nyuma, mwaka 1975 kwa hatua ya nusu, 1976 kwa hatua kubwa zaidi, akawaita wenye mali warejee. Baadhi walirejea. Wengi walikuwa wameshaanza maisha Athens, Brussels au Johannesburg.

Wakati huohuo, kwa kejeli ya historia, General Motors ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Kinshasa. Kiwanda cha kisasa upande mmoja wa nchi, rafu tupu za plagi upande mwingine: ndivyo Zaire ilivyokuwa.

Aliyeziba pengo hakuwa kiwanda wala serikali. Alikuwa fundi wa uani, aliyejifunza kunyoosha, kuchomelea, kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu na kutoa kwenye Peugeot iliyokufa kile kinachohitajiwa na Peugeot inayokaribia kufa. Ujuzi huo ndio uliokuwa tayari magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika miaka ya 1990.

Chanzo cha mmiminiko huo kiko katika sheria za Japani. Gari jipya la huko hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi humfanya mwenyewe aone afadhali aliuze kuliko kulikagua tena. Gari la miaka minane, lililoendeshwa kwenye lami kama kioo, linakwenda mnadani. Wanunuzi wa kwanza wa minada hiyo, wengi wao Wapakistani, waliyapitisha Dubai na kuyauza kwa Waafrika waliokwenda huko na fedha mkononi. Kisha ikaja intaneti, na kampuni kama Be Forward ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 2004, ikamwezesha mtu wa Lubumbashi kuchagua gari kwenye simu, kulipa benki, na kulipokea kwa wakala wa forodha. Be Forward ilifanya kile ambacho viwanda vikubwa havikuwa vimefanya kwa karne nzima: ilitafuta mawakala mpaka katika miji isiyo na bandari, na kwa miaka kadhaa jina lake lilikaa kifuani mwa timu ya mpira ya Wanderers ya Malawi. Haitengenezi hata boliti moja.

Njia ya gari hilo inajulikana na kila kijana wa Katanga anayefanya biashara. Linashushwa Dar es Salaam. Linapita Mbeya hadi Tunduma, linaingia Zambia upande wa Nakonde, linashuka mpaka Kapiri Mposhi, linageukia Ndola na Kitwe, na kutokea mpakani Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Anayeliendesha ni dereva wa kukodiwa, mara nyingi Mtanzania, na kazi yake inaishia mpakani au mjini, kadiri ya mapatano. Mpaka Kasumbalesa amekuwa akishika kushoto. Akivuka tu, anashika kulia, na usukani wa Kijapani ulioko upande wa kulia unamfanya asione mbele anapotaka kulipita kamio la shaba. Serikali ya Kinshasa imejaribu zaidi ya mara moja kuyapiga marufuku magari hayo, na kila mara Katanga imelalamika kwa sauti kubwa kuliko mikoa mingine, maana Katanga hununua upande wa Dar. Wako mafundi wanaouhamisha usukani, kazi inayotaka uangalifu mkubwa kuliko walio nao baadhi yao.

Sasa kampuni zenyewe zimeanza kuutaka mtandao. Desemba 2012 Toyota Tsusho, kampuni ya biashara ya familia ya Toyota, iliinunua CFAO, kampuni ya Kifaransa yenye mizizi ya karne ya 19 katika biashara ya Afrika Magharibi na matawi ya magari karibu bara zima. Kwa mpigo mmoja Toyota ikapata maghala, mafundi, wateja na madeni ya watu wengine. Ilipata pia jambo la kuchekesha: CFAO ilikuwa mwenye D.T. Dobie ya Nairobi, na D.T. Dobie ilikuwa imeuza Nissan kwa miongo. Nissan ikajikuta magari yake yako chini ya paa la mshindani, na uwakala wake Kenya baadaye ukahamia kwa kampuni nyingine, Crown Motors. India, mwaka 2014, Nissan hiyohiyo iliachana na Hover Automotive, kampuni iliyokuwa imeikabidhi mauzo yote, ikashika usimamizi wa mawakala yenyewe. Mwaka 2017 Isuzu nayo ilizinunua hisa za asilimia 57.7 za General Motors katika kampuni yake ya Nairobi, na jina likabadilishwa kuwa Isuzu East Africa. Mafundi walibaki walewale, lango lilelile, malori yaleyale ambayo tangu zamani yalikuwa Isuzu.

Haut-Katanga gari jipya kabisa huonekana zaidi mlangoni mwa mgodi au shirika la misaada. Fungurume, pale boti za Spicer-Simson ziliposhushwa, ndipo ulipo mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba mwaka 2009, na barabara yake imejaa malori ya Kichina. Land Cruiser nyeupe za Umoja wa Mataifa hupitia Toyota Gibraltar Stockholdings, ghala lililoko kwenye mlango wa bahari ya Mediterania, ambako hufungwa redio na vifaa vingine kabla ya kusafirishwa, bila kumpitia wakala yeyote wa Kongo. Mwenye mgodi na mwenye msaada wana mtandao wao. Mwenye duka la chumvi Lukafu hana budi kutumia ule wa samaki na mtumba.

Mtandao huo nao unaweza kubadilika njia. Tangu miaka ya 2010 serikali za Kongo na Zambia zimekuwa na mradi wa barabara kutoka Kasomeno kupitia Kasenga, na daraja juu ya Luapula, hadi Mwenda upande wa Zambia. Ukikamilika, gari lililoshushwa Dar es Salaam litaingia Haut-Katanga bila kuzunguka Ndola, Kitwe na foleni za Kasumbalesa, na litakanyaga ardhi ya Kongo katika teritware ya Kasenga, Lukafu ikiwa jirani. Kampuni inayotaka kweli kuuza gari jipya kwa watu wa pande hizi ingefanya vyema kuweka ghala la vipuri Kasomeno, na mafundi wawili wa Kasenga ndani yake, kabla ya kukodi jengo la vioo mjini Lubumbashi.